Jani la Isale Kutoka Marangu

Kambi ya Mkonge, Lindi
14 Septemba 1997

Dada yangu Eliaichi,

Shikamoo. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo nao umezoea kulalamika kama mnyapara wetu. Natumaini barua hii itakukuta wewe, baba na ng'ombe katika hali njema. Nisalimie mwanao Evelyn na mume wake huko Pasua, na kaka Jackson ukimwona akipanda kutoka Shirimatunda. Mwambie bado nasubiri barua yake ya mwaka juzi.

Nashukuru kwa unga wa ndizi uliompa dereva wa lori. Nilipika uji, kambi nzima ikanusa nyumbani kwetu.

Huku shamba limeuzwa. Serikali imeliachia, tajiri mmoja amelinunua, na kitu cha kwanza alichofanya ni kupaka rangi geti. Sisi wakataji tumebaki walewale na miba ni ileile. Tunaingia shambani kukiwa na umande, tunakata majani ya mkonge, tunaondoa mwiba wa nchani, tunafunga mizigo na kuibeba hadi relini ipelekwe kwenye korona, ile mashine ya kukamua. Jioni mikono inawasha kwa maji ya mkonge hata hamu ya ugali inaondoka.

Nakuambia haya ili unielewe kwa hili linalofuata. Ninakaa chumba kimoja na mtu wa Masasi anayeitwa Sirili. Ni mkataji kama mimi, lakini Jumapili anahubiri pale tunapoanika nyuzi. Anasema Bwana Yesu yuko karibu kurudi na mtu awe tayari saa zote. Wengine wanamcheka, wanamuuliza kama Bwana atakuja kwa barabara hii ya Lindi au atatafuta nyingine. Mimi simcheki. Nitasema ukweli, dada: natamani aje hata kesho, kabla ya kengele ya kazi. Sirili akimaliza kwa kusema "Uje, Bwana Yesu," mimi ndiye ninayeitikia kwa sauti kuliko wote. Nakumbuka baba naye alimaliza hivyo kila sala ya jioni, na sisi watoto tuliitikia haraka ili tule. Siku hizi naitikia kwa sababu nimechoka. Sijui kama huko ndiko kuwa tayari. Muulize mchungaji ukipata nafasi, lakini usitaje jina langu.

Krismasi hii sitapanda. Najua Desemba kila Mchagga aliye mbali anarudi mlimani. Barabara ni mbaya, na sababu hiyo inatosha.

Ndugu yako,
Filemon


Marangu
19 Oktoba 1997

Filemon mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika usharikani, mzee wa kanisa akaniita mbele ya watu wote kana kwamba nimeshinda kitu. Sisi hatujambo. Ndizi zimezaa vizuri. Wanunuzi binafsi wa kahawa siku hizi wanakuja na mizani zao hadi mlangoni, na kila mmoja anasema mwenzake ni mwongo. Ng'ombe amezaa dume. Sicho tulichotaka, lakini maziwa yapo, tunamshukuru Mungu.

Nataka kukuambia habari za baba. Mwezi wa nane aliugua kifua. Amepona, lakini macho yamepungua na anatembea akigusa kuta. Na kuna jambo jingine. Tangu augue, akimaliza sala ya jioni hasemi tena "Uje, Bwana Yesu." Anafika pale, ananyamaza, kisha anasema Amina. Mara ya kwanza nilidhani amesahau. Nilipomuuliza alinijibu, "Sijasahau. Namwomba asije kwanza. Kuna kitu sijamaliza."

Nikauliza ni kitu gani. Akaniambia nikamtazame ng'ombe.

Barua yako nilimsomea. Nilipofika pale unaposema umechoka, alitaka nirudie. Na sasa ninapoandika amekaa kwenye kigoda kando yangu, jambo ambalo si kawaida yake.

Mchungaji nilimuuliza. Alisema mtu aliye tayari wanamjua wale anaoishi nao, wala si kwa ukubwa wa Amina yake. Kisha akataka kujua ni nani aliyeuliza. Nikasema ni mtu mmoja wa mkonge. Akacheka, akasema nimsalimie Filemon.

Kuhusu Krismasi hatukuulizi. Mahali pako pa kulala papo palepale. Ngoja nikachote maji mfongoni, pale kwenye mfereji, nikirudi nitafunga bahasha, maana jirani yetu Yuditha anashuka mjini kesho na ataiposti.

Dada yako,
Eliaichi


Lindi
22 Februari 1998

Dada Eliaichi,

Shikamoo. Usidhani nilikaa kimya kwa kupenda. Hizi mvua za El Nino zilikata barabara yote, Rufiji ikajaa, na barua za Lindi zikalala Dar es Salaam. Yako imefika wiki hii, bahasha imevimba na stempu imebanduka. Poleni na kuugua kwa baba. Nashukuru Mungu amempitisha.

Mvua ilipozidi, watu walijaa kwa Sirili. Waliokuwa wakimcheka ndio walikaa mbele. Wengine waliacha hata kupalilia mihogo yao, wakasema ya nini, na Bwana yu mlangoni. Nami niliacha, ila kwangu haikuwa imani, ilikuwa uvivu uliopata sababu nzuri. Sirili akanikuta nimejilaza mchana. "Filemon," akasema, "mimi nilihubiri uwe tayari. Sikuhubiri ulale." Tukachukua majembe tukaenda wote wawili.

Sasa lile kubwa. Nilipofungua bahasha yako lilidondoka jani la isale, limekauka na kukunjika. Wenzangu wakacheka, wakasema nimetumiwa mboga. Ikabidi niwaeleze kwamba kwetu isale tunaipanda mipakani na makaburini, na mtu aliyemkosea mwenzake akimpelekea jani lake, amemwomba msamaha, wala aliyepelekewa hawezi kunyamaza, lazima ajibu. Wakaacha kucheka. Mmoja akaomba alishike.

Dada, nimelipokea. Ulijuaje? Sijawahi kukuandikia neno hili. Mwaka ule wa 1991 mama alipofariki, simu ya maandishi ilinifikia akiwa ameshazikwa. Nilipoisoma nilifunga mzigo wangu wa safari, ndipo ikaja ya pili kwamba mmeshazika, nikaufungua tena. Baadaye Jackson aliniambia wewe ndiye uliyesema msizidi kungoja. Nimeishi na hilo miaka yote hii. Kila ulipoandika kwamba mahali pangu pa kulala papo palepale, nilisoma huku moyoni nikisema, lakini hamkuningoja.

Sasa umeleta jani. Nimekusamehe, dada, kabisa. Jana nimelala vizuri kuliko siku zote tangu nije huku. Aika. Nasema asante kwa lugha ya mama ili uone kwamba namaanisha.

Filemon


Marangu
Jumapili ya Mitende, 5 Aprili 1998

Filemon,

Marahaba. Sote wazima.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikatafuta mahali pa kukaa. Lile jani si langu, mdogo wangu. Sikujua kabisa kwamba ulikuwa na neno na mimi.

Ni kweli nilisema tumzike mama. Kutoka Lindi halikuja jibu, mvua ilikuwa kubwa, ndugu wa Rombo walikuwa wamejibanza barazani na watoto. Nilidhani huji. Hilo ndilo kosa langu, nilidhani huji. Nawe ulikuwa umeshafunga mzigo. Nimelia juu ya huo mzigo wako ulioufungua, zaidi ya nilivyolia siku ile ya mazishi, maana siku ile nilikuwa napikia watu.

Kwa hiyo jani si langu, lakini msamaha ulionitumia sikurudishii. Nimeupokea kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani kwa makosa, akafungua akakuta ndani nguo zinamtosha.

Kisha nikamfuata baba. Nikamuuliza ni nani aliyetia jani kwenye barua ya Filemon.

"Ni mimi," akasema. "Ulipokwenda mfongoni."

"La nini, baba?"

"Yeye anajua. Amejibu nini?"

Sikuwa na la kufanya ila kumwambia ukweli, kwamba umenisamehe mimi. Alicheka mpaka kifua kikambana, sijamsikia akicheka hivyo tangu augue. "Nimepeleka jani langu," akasema, "umekula wewe." Lakini jioni kwenye sala akafika palepale pake, akayaruka tena yale maneno.

Mjibu baba, Filemon. Sijui ni jambo gani, na kama hutaki nilijue usiniandikie. Andika neno moja nitakalomsomea.

Eliaichi


Lindi
10 Juni 1998

Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Korona iliharibika tukapumzika kidogo. Tajiri amewapa wakataji viatu vya mpira, nami nashukuru, miguu ilikuwa imeisha. Sirili anakusalimu ingawa hakujui.

Nashukuru kwa uliyoniambia juu ya mama. Imetosha. Lisiwepo tena kati yetu.

Kuhusu jani, mwambie baba nimeliona.

Filemon


Marangu
16 Agosti 1998

Filemon mdogo wangu,

Marahaba. Tuko katika kuchuma kahawa, mikono imekuwa myeusi, lakini mwaka huu miti imeitikia vizuri. Evelyn ni mjamzito. Tunamshukuru Mungu kwa yote mawili.

Nilimsomea baba barua yako. Haikuchukua muda. Aliposikia "nimeliona" akasema kuona nako ni kitu. Tuliendelea kupukuchua maharage. Baadaye sana akasema, kama anaongea na maharage, "Lakini si jibu."

Ndipo akanieleza mwenyewe. Alisema alikutoa shule ukiwa darasa la tano kwa sababu Jackson alikuwa anakwenda sekondari na ng'ombe walitaka majani. Alikuja mpaka uwanja wa shule asubuhi, akakuita mstarini mbele ya wenzako, akakupa mundu mkononi. Alisema, "Hakulia. Angelia ningemrudisha."

Nikamwambia nyakati zile kila nyumba ilifanya hivyo, mtoto mmoja alisoma na mwingine akakata majani. Alikataa. "Bwana akija hataniuliza habari za kila nyumba," akasema. "Ataniuliza ya Filemon."

Sasa nimejua, na nimeelewa kwa nini barabara ya kuja nyumbani ilikuwa mbaya kwako hata wakati wa kiangazi. Sikulazimishi kumsamehe. Kama ni zito, andika kwamba ni zito, nitamsomea hivyohivyo. Lakini usimwache na "nimeliona." Mzee anamzuia Bwana mlangoni kwa ajili yako, na kifua chake hakina nguvu ya kuzuia mtu.

Jambo jingine. Amezusha desturi mpya. Kila tukipakua chakula cha jioni ananiambia nifunike sahani moja pembeni. Nikimuuliza kama umetoa taarifa ya kuja anasema hapana. Asubuhi chakula hicho kinaliwa na kuku.

Mwezi wa kumi na moja nitashuka Pasua kukaa na Evelyn mpaka ajifungue. Yuditha atamtazama baba.

Dada yako,
Eliaichi


Marangu
Jumapili ya kwanza ya Majilio, 29 Novemba 1998

Dada Eliaichi, uliye Pasua,

Shikamoo. Safari hii wewe ndiye uliye mbali na mimi ndiye niliye nyumbani, kwa hiyo niruhusu nikupe habari za hapa. Ng'ombe hajambo. Ndizi ya kule nyuma ya choo imeanguka kwa upepo, nimeitegemeza. Baba yupo, na leo amekula vizuri. Barua hii anakuletea Jackson, amepanda kanisani leo na anashuka sasa hivi, kwa hiyo naandika akiwa amesimama mlangoni ananihimiza. Mwache asimame. Na mimi niliisubiri barua yake.

Barua yako ya Agosti niliikalia muda mrefu. Niliandika majibu nikachana. Sirili akaniuliza nachana nini kila siku, nikamweleza habari za mundu, ambazo sijawahi kumweleza mtu. Mimi sikuwa hodari darasani, nilikuwa wa katikati tu, ila nilipenda kuwa pale. Nilisimama mstarini, nikasikia jina langu, nikadhani nimeletewa kalamu. Sirili alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi nahubiri watu wawe tayari na wanarudi vitandani mwao walivyokuja. Mzee wako hakuhubiri, ametuma jani. Nenda." Akanivua shuka niliyokuwa nimejitanda, akanivalisha koti lake, maana amesikia kwetu ni baridi. Dada, sikuwa nimemsamehe baba nilipopanda basi. Nakuambia kama lilivyo. Nilikuwa nimemsamehe hadi Dar es Salaam, nikakasirika tena kuanzia Chalinze.

Niliteremka Marangu Mtoni alasiri ya Ijumaa, nikapanda kwa miguu. Sikupita kwa mtu. Nilipoingia kihambani, kwenye migomba yetu, nilisikia mtu anakata kitu. Ni baba. Yuditha alikuwa ameenda kufuata majani, baba akaona ng'ombe ana njaa, akatoka kwa kugusagusa ukuta, akawa anakatakata shina la mgomba. Kwa mundu, dada. Sijui kama ndio uleule, lakini mpini umelika hivyohivyo.

Nikasema shikamoo baba. Akainua uso. Hakuniona, macho hayafiki, lakini alisema, "Filemon, umekonda. Nasikia kwa hatua."

Nikaenda kumpokea mundu, kama mtoto yeyote angefanya. Nikasema nipe nikukatie. Akaukaza mkononi.

"Hapana," akasema. "Siku ile nilikupa. Leo kaa, nakata mimi."

Nikakaa kwenye kigoda chake. Baba akakata. Alikata vibaya, vipande vingine vikubwa kama kichwa, vingine anakosa kabisa anapiga udongo, na mimi mikono ilikuwa inanicheza kutaka kumsaidia, nikaikalia. Alikuwa akihema. Hakusimama mpaka shina likaisha. Kisha akavisomba kwa mikono yake akampelekea ng'ombe, akarudi akasimama mbele yangu. Ndipo nilipotambua kwamba hasira ya Chalinze sikuwa nayo. Sijui nimeidondosha wapi. Nikatoa lile jani ndani ya koti la Sirili, likavunjika vipande mkononi.

"Nimeleta jibu," nikasema.

"Sema."

"Yamekwisha, baba."

Akanyoosha mkono, nikamwekea vipande, akavipapasa kimoja kimoja. Akasema, "Aika." Sikuwahi kusikia baba akiniambia neno hilo. Labda wewe umewahi, wewe uliyekaa naye.

Yuditha aliporudi na mzigo wa majani kichwani aliutupa chini, akaanza kunisema kabla ya kunisalimu. Aliniambia niwaone kuku walivyonenepa, tangu Agosti wanakula sahani yangu, na sasa watanichukia. Jioni ile akaifunua ile sahani akanipa. Kuku walipita mlangoni wakitazama. Tulicheka, hata baba.

Kisha tukasali. Baba alishukuru kwa vitu vingi, kwa wewe na Evelyn na mtoto anayekuja, kwa mama, kwa dereva wa basi, kwa Sirili asiyemjua. Alipofika pale mwisho nilifungua macho nikamtazama. Hakuyaruka yale maneno. "Uje, Bwana Yesu," akasema, taratibu, kama mtu anayefungua mlango alioushikilia kwa muda mrefu na bega lake.

Nikasema Amina. Lakini nitakuficha nini? Mimi niliyemwita Bwana kwa sauti kuliko kambi nzima, kila siku, aje kabla ya kengele, safari hii sauti ilitoka ndogo. Moyoni nilimwambia, Bwana, mimi niko tayari sasa kuliko nilivyokuwa kule, lakini kama huna haraka, tuache kidogo hapa, mimi na huyu mzee, tule hii sahani. Nadhani hatachukia. Nilikuwa namwita anitoe kwenye mkonge, na kwa mara ya kwanza nilikuwa mahali ambapo angeweza kunikuta nami nisione aibu.

Leo tumeenda kanisani, nimemshika baba mkono. Mchungaji aliniona mlangoni akasema, "Huyu ndiye mtu wa mkonge." Nikasema ndiye. Lindi sirudi. Koti nitamtumia Sirili na unga wa ndizi mfukoni. Asubuhi nakata majani ya ng'ombe mimi mwenyewe, kwa kupenda. Baba ananiacha sasa, ila anakaa karibu na kusema napoteza mengi.

Jackson amechoka kusimama, namalizia. Dada, miaka yote uliyomtunza baba, ukanitunzia na kitanda, nilikuwa nakushitaki moyoni na wewe huna habari. Nilikusamehe kwa barua kwa jambo ambalo nilipaswa kukuuliza tu. Hilo halijakaa sawa kwangu. Kwa hiyo humu ndani nimetia jani, nimelichuma leo mpakani, bado bichi. Safari hii limetoka kwangu na ni lako, usimpe mtu mwingine.

Nisalimie Evelyn. Tukisali jioni tunakutaja, na sahani iliyofunikwa sasa ni yako.

Mdogo wako,
Filemon